Jibu: Kijana wa miaka 15 analala darasani, nimfukuze?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama umfukuze huyo kijana wa miaka 15 anayelala darasani na kurusha ngumi akiamshwa. Ngoja kwanza. Nafundisha katika shule ya APBET (shule za mitaa duni zilizo nje ya mfumo wa kawaida wa serikali) huku Mathare, Nairobi, mwaka wa tisa sasa, na wengi wanaotufikia wameshafukuzwa kwingine. Ukimtoa wewe, aende wapi tena?

Niliwahi kuwa na wa aina hiyo. Nilimchapa mara mbili (naandika kwa aibu, maana kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001). Hakusema neno. Siku moja nikamwomba anisaidie kuchambua maharagwe ya mchana. Tukakaa bega kwa bega, macho kwenye ungo, vijiwe tukivitupa kando. Hapo ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mwalimu, kwetu ni chumba kimoja na mama anauza chang'aa. Mimi hulala wateja wakishatoka." Wateja wa pombe hiyo hutoka saa saba, saa nane usiku.

Ningemwita ofisini asingesema. Ofisi yetu ni mabati matupu, ukikohoa darasa la pili wanakuitikia pole. Mazungumzo mazito mimi huyafanyia jikoni, au mvua ikinyesha.

Basi tukampa uji saa nne, kisha nusu saa ya kulala kwenye benchi la stoo. Walimu wenzangu walinung'unika, eti nafuga uvivu. Kabla muhula haujaisha ngumi zilikuwa zimepungua. Nikamkabidhi na ufunguo wa tangi la maji. Kule alikotoka aliitwa mwizi, huku akawa analala nao mfukoni. Mama yake sikumhubiria, kwani kodi ya nyumba inatoka kwenye hiyo hiyo chang'aa. Nilimwomba tu amruhusu kijana alale kwa shangazi siku za shule.

Ila usimwahidi siri kabla hajafungua mdomo. Mwambie mapema kwamba kukiwa na mtu anayemuumiza, au akiwa anafikiria kujidhuru, itabidi uwahusishe wengine. Namba ya watoto, 116, haitozi chochote. Na afisa wa watoto wa eneo lenu jitambulishe kwake sasa, usingoje siku ya dharura.

Wako huenda ana sababu nyingine kabisa. Wangu bado huchelewa kila Jumatatu. Jumapili shangazi huenda ushago, na kwa mama ndiyo siku ya wateja wengi.