Steringi kaondoka katikati ya tamthilia, nifanyeje?

SWALI: Naandika tamthilia ya hospitali, tunarekodia hapahapa Dodoma. Tumeshatoa vipindi 26, na sasa mwigizaji anayecheza Daktari Mfawidhi kapata kazi Dar es Salaam, harudi. Wenzangu wanataka tutafute anayefanana naye. Mimi naona tumuue kwa ajali. Unashaurije? (Dada wa Ipagala)

JIBU: Dada, wa kufanana naye achaneni naye. Mtazamaji atatumia vipindi kumi kulinganisha pua.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tukitazama filamu tunaamini steringi, yule mhusika mkuu, hafi, ndiyo maana akiondoka tunaona hadithi imekwisha. Kumbe tamthilia ya hospitali ina bahati yake: mapokezi hayafungwi. Wagonjwa wanaingia, zamu inabadilika, na kazi aliyoiacha mtu lazima aifanye mwingine.

Tamthilia ya hospitali ya Marekani iitwayo ER ilianza 1994, na Dakta Mark Greene alikuwa mhimili wake tangu kipindi cha kwanza. Waandishi walimpa uvimbe wa ubongo, wakamuuguza taratibu, akafa mwaka 2002 msimu wa nane ukielekea ukingoni. Kabla ya kuondoka alimkabidhi idara Carter, ambaye watazamaji walimjua tangu akiwa mwanafunzi wa udaktari. Urithi ukabaki ndani ya ukoo, kwa hiyo hakuna aliyeuhoji. Tamthilia ikaenda misimu saba zaidi.

Hata ajali yako si wazo baya. Katika Grey's Anatomy, tamthilia nyingine ya hospitali ya Marekani, mwaka 2015 daktari mhusika mkuu, Derek Shepherd, aligongwa na lori. Ila kilichommaliza ni madaktari waliochelewa kumpima kichwa. Ajali ikageuka kuwa hadithi ya udaktari. Kisha hadithi ikaruka karibu mwaka mzima, tusikeshe matangani.

Wewe lakini huna mwigizaji wa kuuguza wala wa kugongwa. Tumia kitu kilicho cha kawaida kwetu: barua ya uhamisho, au kwenda Muhimbili kusomea ubingwa. Mlango unabaki wazi. Dakta Doug Ross wa ER aliondoka 1999, akaonekana tena 2000 na 2009.

Kazi ngumu ni hii. Chukua miswada yote 26, na kila onyesho alilokuwamo andika pembeni alikuwa anafanya nini: anaamua, anagombana na mhasibu, anamweleza ndugu wa mgonjwa ugonjwa kwa lugha nyepesi, anachekesha. Utakuta mtu mmoja alibeba kazi nne. Zigawe. Muuguzi wa zamu apewe kueleza, daktari kijana alazimishwe kuamua kabla hajawa tayari, na akosee. Kama lazima umlete mgeni, mpe tabia asiyokuwa nayo yule wa kwanza.

Na usifute nyayo zake upesi. Mwandike bibi aliyepanda basi alfajiri kutoka Mpwapwa, kadi ya kliniki mkononi, anauliza dirishani: "Yule daktari aliyeniambia nirudi Jumanne yupo?" Yule daktari kijana ndiye ampokee kadi.