Maswali ya wasomaji: Alan Shugart na diski za kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Birere, Goma. Diski nyingi zinazopita mikononi mwangu zina jina la Seagate. Naambiwa kwamba mwanzilishi wake, Alan Shugart, alivumbua disketi, ile diski laini ya kuchomeka na kuchomoa, peke yake. Je, ni kweli? Na mtu aliyekuwa mwajiriwa aliwezaje kumiliki kampuni?

JIBU: Ndugu fundi, Seagate kweli aliianzisha yeye, mwaka 1979, akiwa na Finis Conner na wenzao wengine. Disketi, hata hivyo, ilibuniwa na wahandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, Marekani, chini ya uongozi wa Shugart, na aliyekabidhiwa kazi hiyo ni David Noble, ambaye kwa bahati mbaya hutajwa mara chache mno.

Utafurahi kujua kwamba Shugart naye alianza kama wewe: aliingia IBM mwaka 1951 akitengeneza mashine za wateja zilizoharibika. Baadaye alifanya kazi San Jose, palipotoka diski ya kwanza ya IBM mwaka 1956, yenye sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61, ambayo ilihifadhi herufi milioni 5 tu ingawa uzito wake ulikaribia tani moja.

Mwaka 1969 alihamia kampuni ya Memorex, na mwaka 1973 akaanzisha Shugart Associates kwa fedha za wawekezaji. Kampuni ilibeba jina lake, lakini hatamu hazikuwa mikononi mwake, na haukupita muda mrefu akaondoka, akawa mvuvi kwa kipindi fulani.

Ustadi wake nauona hasa katika diski ya ST-506, ambayo Seagate iliitoa mwaka 1980. Ilihifadhi megabaiti 5 na kuenea katika nafasi ileile ya kisomea disketi cha inchi 5.25, kwa hiyo watengenezaji wa kompyuta ndogo hawakulazimika kubuni kasha jipya. Haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa utando mwembamba wa hewa, na chembe moja ya vumbi la lava kama lile la mitaani kwenu yatosha kuikwaruza. Ndiyo maana diski za aina hiyo hufungwa kiwandani, na hewa huingia kupitia kichujio tu. IBM yenyewe ilinunua diski za Seagate kwa kompyuta yake ya XT ya mwaka 1983.

Shugart aliiongoza Seagate hadi 1998, akafariki mwaka 2006.