Mzee wa mihogo
Umeuliza kama marehemu mzee alipata muda na watoto kweli, maana alikuwa mtafiti wa mihogo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Namulonge. Alipata bana, mi nilikuwa jirani. Ile miaka ya 90 batobato, ule ugonjwa wa virusi wa mihogo, ilipomaliza mihogo huku Uganda anashinda shambani anasaka mbegu inayostahimili, lakini jioni lazima akae na wanae kwenye mkeka, anawageuzia jani la muhogo eti tafuteni nzi weupe, wale wadudu wanaoeneza batobato, wanahesabu huko chini ya jani mpaka giza linaingia. Alivyostaafu ikawa zamu ya wajukuu, mchezo uleule. Na mkewe alipougua miguu matoke alipika mwenyewe, hayajaiva vizuri haha, mama anakula tu. Poleni sana wanafamilia.