Kabla ya bajeti, hesabu mashine: funzo la makombora na salfa

Ile mada ya linia programu ya kidato cha nne, hesabu ya kutafuta mpango bora ndani ya vikwazo ulivyo navyo, wengi tuliiacha kwenye karatasi ya mtihani. Mimi ilinirudia nikiwa katibu wa chama cha msingi huku Newala, mwezi wa tano, wakulima wa korosho wamekaa mlangoni wanaulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho.

Hesabu hiyo imelelewa jeshini. George Dantzig alibuni njia yake ya kuifumbua mwaka 1947, akiwa mshauri wa hesabu wa Jeshi la Anga la Marekani. Anayepanga ununuzi wa makombora ana aina kadhaa, kila moja na bei yake na shabaha inayoifaa; ana bajeti, ana ghala, na viwanda vina kikomo. Anunue ngapi za aina ipi? Weka salfa ya unga na dawa ya maji mahali pa makombora, shabaha iwe ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umeshafika Newala.

Kosa langu niliingiza bei na bajeti tu. Excel ikajibu bila haya: nunua salfa tupu. Bei yake ni rahisi kweli. Lakini salfa hurudiwa kila siku 14, tena hupulizwa alfajiri umande ungalipo na upepo umetulia. Dawa ya maji husubiri siku 21. Mashine za kupulizia tulikuwa nazo tatu. Zamu ya pili ikafika ya kwanza haijamaliza mashamba. Mifuko imejaa ghalani, maua yanageuka meusi mtini! Mkutano mkuu ulinisema, na nilistahili.

Msimu uliofuata niliongeza mstari mmoja: asubuhi za mashine. Jibu likawa mchanganyiko wa dawa zote mbili. Hapo usikimbilie kuagiza. Tazama kwanza bei kivuli, yaani ukikilegeza kikwazo kimoja kidogo, unavuna nini zaidi. Kwetu, fedha ya nyongeza ikinunua dawa iliokoa mikorosho michache. Fedha ileile ikikodi mashine ya nne iliokoa mingi. Marekani nao yaliwakuta vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022: fedha ya makombora ya mizinga ya milimita 155 ilipatikana, ila viwanda vilikuwa vimezoea kutoa kama 14,000 tu kwa mwezi.

Mwaka huu, kabla sijawasha kompyuta, nilikwenda kukaa na vijana wa mashine. Cha kwanza walichonitajia ni petroli. Sikuwa nayo kwenye hesabu hata kidogo.