Kwa Anayeanza Kuchora Mandhari: Chagua Mahali Pako na Urudi Hapo

Vijana wanaokuja kujifunza kuchora mandhari huniuliza kwanza habari za rangi na brashi. Huwa nawajibu kwamba swali linalotangulia ni mahali gani watachora, na kama wako tayari kurudi hapo hapo msimu baada ya msimu. Simlaumu anayechora Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya riziki, lakini anayeunakili kutoka kwenye picha ya kalenda hajifunzi lolote kuhusu mwanga.

Mchoraji ninayewaelekeza kwake ni John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk, nchini Uingereza. Baba yake alimiliki vinu vya kusaga nafaka, kikiwamo cha Flatford kando ya mto Stour, na kijana huyo alifanya kazi katika biashara hiyo kabla ya kwenda London kusomea uchoraji. Wenzake wengi walitamani kwenda Italia; yeye hakuwahi kuvuka bahari maisha yake yote, bali alilirudia bonde lile lile la utotoni, pamoja na mashua zake za mizigo na miti yake iliyoinamia maji.

Tazameni hasa jinsi alivyolisoma anga. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, pembezoni mwa London, alichora makumi ya picha ndogo za mawingu kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, na nyuma ya nyingi kati ya hizo akaandika tarehe, saa na upande upepo ulikotoka. Nawasihi muige tabia hiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mchoro usio na saa hautawasaidia mtakapotaka kujua kivuli kilipaswa kulala upande gani.

Huku kwetu, karibu na ikweta, saa ina uzito zaidi. Jua hupanda upesi, na ikifika saa nne asubuhi vivuli vimekwisha kufupika na milima imepoteza umbo lake. Jioni nayo, giza huingia mara tu jua linapozama. Kwa hiyo hapa Lushoto huwa nimekaa tayari kabla ya saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, nikiwa na karatasi nene yenye ukubwa wa daftari, ambayo nimekwisha kuipaka rangi ya udongo mwekundu na kuiacha ikauke. Wekundu huo unaochungulia kati ya mapigo ya brashi huupoza ukali wa kijani, na kijani ndicho kinachowashinda wanafunzi wengi. Msikitumie kama kilivyotoka kwenye tyubu: kijani cha mgomba kina manjano, cha mchai kimekolea, na cha msitu wa mbali kinakaribia kuwa buluu.

Kazi kubwa hufanyika nyumbani, na hilo halipunguzi ukweli wa picha. Mchoro wa Constable wa mkokoteni unaovuka mto, uitwao The Hay Wain, wenye upana wa sentimita 185 hivi, aliumalizia London mwaka 1821, baada ya kuujaribu kwanza kwa rangi za mafuta kwenye turubai yenye ukubwa uleule. Alipohitaji kujua mkokoteni ulivyoundwa, ndugu yake Abram alimtumia kutoka kijijini mchoro uliochorwa na kijana John Dunthorne.

Kuhusu kipato, jiandaeni kungoja. Mchoro huo haukupata mnunuzi ulipoonyeshwa London, ingawa mwaka 1824 ulipewa medali ya dhahabu mjini Paris. Turner, mchoraji mwingine wa mandhari wa Uingereza aliyemzidi Constable mwaka mmoja tu, alikuwa mwanachama kamili wa Royal Academy, taasisi ya wasanii ya London, akiwa na miaka 26. Constable alichaguliwa mwaka 1829, akiwa na miaka 52. Katika miaka ya awali alichora sura za watu ili apate fedha, na sioni aibu yoyote kwa mchoraji wa mandhari anayefundisha shuleni au kuandika mabango ya maduka.

Jambo ninalolisisitiza ni kwamba msiiuze ile michoro midogo ya nje, hata mgeni akitoa bei nzuri. Mchorieni nyingine kutokana nayo, kisha muirudishe ya asili kwenye sanduku kavu lisilofikiwa na mchwa, ikiwa na tarehe na saa yake mgongoni.