Usiizibe pumzi nyumba ya mawe

Nilipoachiwa nyumba ya marehemu bibi yangu huko Lamu, nilikimbilia kumwita fundi apige lipu ya saruji ukumbini. Chokaa ya zamani ilikuwa ikimomonyoka, nami nilitaka ukuta imara. Masika moja tu ilitosha: rangi ikafanya malengelenge, ukuta ukatoa unga mweupe wa chumvi, magodoro yakanuka uvundo.

Fundi mzee wa mtaani alikuja, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama debe tupu.

"Mwanangu, ukuta huu ulikuwa ukipumua. Umeuziba pua."

Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Hunyonya unyevu wa ardhi na wa hewa. Chokaa huuachia unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani, na chumvi inayoganda nyuma ya lipu huisukuma mpaka ibanduke. Tulibandua yote, tukauacha ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha tukapaka chokaa iliyolowekwa vizuri, tabaka jembamba baada ya jingine. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba ya kale, iwe Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja, mtafute fundi wa chokaa hata kama itabidi umsubiri.

Na anayejenga upya? Naumia nikiona mtu amenunua mlango wa nakshi kwa bei kubwa, halafu nyumba yake haina kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa. Uwazi ule wa katikati ndio unaotoa hewa ya moto juu na kuvuta ile ya baridi kutoka vichochoroni. Hata wembamba wa vyumba vya wazee wetu, uliotokana na urefu wa boriti za mikoko, takriban mita 3, una faida yake: upepo huingia huku ukatokea kule bila kukwama.

Mdogo wangu alipopata kiwanja Malindi, tulisimika mti, tukaufunga leso, tukaitazama wakati wa kaskazi, tukarudi tena wakati wa kusi. Ndipo tukachora madirisha, yakitazamana pande zote mbili za chumba, na baraza pana ya kuukinga ukuta wa magharibi na jua la alasiri. Mchoraji wa ramani alitaka tufunge viyoyozi vinne. Mpaka leo hakuna hata kimoja, na watoto hulala kwa shuka.