Maswali ya Wasomaji: Salio la Simu na Salio la Daftari

Ndugu Mshauri,

Binti yangu ana umri wa miaka 16, na tangu mwanzo wa mwaka ana akaunti ya hundi ambayo mimi ni mtia sahihi mwenza. Mwezi uliopita aliandika hundi ya mchango wa safari ya klabu yao. Kwa kuwa kwa siku kumi simu iliendelea kumwonyesha salio lile lile, alidhani fedha bado anazo, akazitumia. Hundi ilipofika benki ilirudishwa, na juu yake akakatwa ada. Analia kwamba benki imemwonea. Nataka kumfundisha kusuluhisha hesabu zake na taarifa ya benki, yaani kuzilinganisha mpaka zikubaliane, lakini nakiri kwamba mimi mwenyewe sijawahi kuifanya kazi hiyo hata siku moja. Nianzie wapi?

Mama wa binti mmoja

Mama, anzia kwenye neno lenyewe. Salio ni kile kilichosalia, na swali la kumwuliza binti ni hili: kilichosalia baada ya nini? Namba aliyoionyeshwa na simu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa kweli ya upande wa benki, yaani kilichosalia baada ya miamala yote iliyokwisha kuifikia benki. Hundi, neno tulilolipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ni agizo tu kwamba fulani alipwe kiasi fulani, na agizo hilo husafiri kwa mwendo wa yule aliyelibeba. Ile hundi iliyolala siku kumi kwenye droo ya mtunza fedha wa klabu, benki haikuwa na njia ya kuijua. Aliyeijua ni binti yako, tangu dakika alipotia sahihi, na kwa hiyo ni yeye peke yake aliyeweza kuiondoa kwenye hesabu siku ile ile. Benki haikumwonea, ingawa sikushauri umwambie hivyo machozi yakiwa bado mabichi.

Kadi nayo ina mtego wake. Baadhi ya wauzaji, hasa hoteli na vituo vya mafuta, kwanza huzuia kiasi cha makadirio, kisha siku kadhaa baadaye huleta kiasi halisi, ambacho kinaweza kuwa kikubwa au kidogo kuliko kile cha kwanza. Ndiyo maana programu nyingi za benki huonyesha masalio mawili, moja la fedha zilizokwisha kuingizwa vitabuni na jingine la fedha zinazoweza kutumika kwa sasa, na kijana huchagua kuamini lile lililo kubwa zaidi. Kuna pia malipo ya kujirudia, kama vile ada ya michezo ya kompyuta au muziki, ambayo mtu huyaruhusu mara moja kisha yakaendelea kukatwa bila kubisha hodi. Haya, kwa uzoefu wangu, huwaangusha vijana wengi kuliko hundi.

Kwa hiyo kabla ya usuluhisho lazima liwepo daftari, kwa sababu huwezi kusuluhisha vitu viwili ukiwa na kimoja. Lipigie mistari ya safu sita: tarehe, namba ya hundi au neno "kadi", maelezo, kilichotoka, kilichoingia, na salio. Pembeni acha safu nyembamba isiyo na jina, ambayo kazi yake utaiona punde. Sharti ni moja tu, na hilo halina msamaha: muamala huandikwa siku ulipofanywa, si siku benki ilipoulipa. Unaweza kutumia jedwali la kompyuta ukipenda, lakini kwa miezi mitatu ya mwanzo mimi napendelea karatasi na kalamu, kwa kuwa kompyuta humtolea kijana hesabu asiyoiona, ilhali mkono unaotoa elfu tano kwenye elfu tisa huiona ile elfu nne iliyobaki na huikumbuka.

Taarifa ya benki ikija, usishangae binti akikuuliza kwa nini fedha alizoweka zimeandikwa upande wa krediti, wakati mwalimu wa uwekaji hesabu amemfundisha kwamba fedha taslimu zikiingia zinaandikwa debiti. Jibu lake ni zuri, na linastahili dakika tano zako: taarifa ile imenakiliwa kutoka vitabu vya benki, na kwa benki fedha za binti yako ni deni ambalo inadaiwa naye. Anayeidai benki huandikwa krediti. Kijana akishalielewa hilo, ameielewa benki.

Sasa tuifanye kazi yenyewe. Nitatumia tarakimu tupu, kila mtu aweke sarafu yake. Tuseme mwisho wa mwezi taarifa ya benki inaonyesha salio la 86,400, na daftari la binti linaonyesha 71,200. Kwanza mwambie achukue taarifa, ashuke nayo mstari kwa mstari, na kila muamala anaoukuta pia kwenye daftari auwekee alama ya vema pande zote mbili, katika ile safu nyembamba. Asikisie na asiruke. Ikiwa ni hundi, atazame namba yake pamoja na kiasi, kwa sababu hundi mbili zinaweza kuwa za kiasi kimoja.

Akimaliza, vitakavyobaki bila alama ndivyo vyenye habari. Kwenye daftari, mbali na mstari mmoja wa kadi tutakaourudia, tuseme zimebaki mbili: fedha 12,000 alizoweka jioni ya siku ya mwisho, ambazo benki ilizisoma asubuhi yake, na hundi ya 30,000 ambayo aliyepewa hajaiwasilisha. Hizi benki itazipata tu, kwa hiyo hurekebishwa upande wa benki: 86,400 ujumlishe 12,000, utoe 30,000, unabaki na 68,400. Kwenye taarifa ya benki yamebaki mawili. La kwanza ni makato ya huduma ya 1,000, ambayo binti hakuyajua mpaka alipoyasoma. Hayo hurekebishwa upande wa daftari, nalo linashuka hadi 70,200. La pili ni malipo fulani ya kadi ambayo yeye ana hakika aliyaandika, ila hayapati.

Pande mbili bado hazijakutana. Tofauti ni 1,800, na hapa ndipo wengi hutupa kalamu na kuandika "marekebisho 1,800" ili mambo yaishe. Usimruhusu. Gawanya tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila kubakiza, kama hii inavyotoa 200 kamili, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi mahali fulani, kwa kuwa kosa la namna hiyo daima huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Arudi kwenye daftari akiwa anajua anachokitafuta, na ataikuta: malipo ya kadi yaliyokuwa 7,500 ameyaandika 5,700. Ndiyo maana hayakuwa yakioana. Akilisahihisha, 70,200 inakuwa 68,400, sawasawa na upande wa pili. Kama tofauti isingegawanyika kwa 9, angeigawanya kwa 2 na kutafuta muamala wa kiasi hicho, kwa sababu kitu kilichoandikwa upande usio wake, mathalani fedha zilizoingia zikaandikwa kuwa zimetoka, huleta tofauti iliyo maradufu ya kiasi chake. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilipoteza jioni mbili nikitafuta kiasi ambacho, kama ningekigawanya mara moja tu, kingenipeleka moja kwa moja kwenye mstari wake.

Kisha aandike chini ya daftari tarehe, neno "limesuluhishwa", na orodha ya vile ambavyo bado havijafika benki, kwani mwezi ujao ataanzia hapo. Hundi ikionekana kwenye orodha hiyo mwezi wa pili na wa tatu, ampigie simu aliyepewa na kumkumbusha, kwa maana benki nyingi hazilipi hundi iliyopitisha miezi 6, lakini deni halifutiki kwa sababu karatasi imezeeka.

Kuhusu wewe, Mama, kutokujua kwako si kikwazo, na pengine ni nafuu. Kaa naye mezani ukiwa na taarifa ya akaunti yako mwenyewe, mjifunze pamoja, na kalamu yake usiiguse. Mara ya kwanza itawachukua saa nzima na ugomvi mdogo. Ikifika mara ya nne, kazi hiyo haitazidi dakika ishirini.

Ndugu Mshauri,

Kijana wangu wa miaka 17 ameingia kwenye ovadrafti, yaani ametumia zaidi ya fedha zilizomo, mara mbili katika akaunti yetu ya pamoja, na mara zote mbili nimemjazia kimya kimya. Mama yake anasema nimwache aumie. Je, tena, ni haki yangu kusoma taarifa zake?

Baba mwenye wasiwasi

Ndugu yangu, mkeo ana nusu ya ukweli. Ovadrafti ni mkopo, una riba na mara nyingi una ada, na katika akaunti ya pamoja benki kwa kawaida inaweza kudai deni lote kwa yeyote kati ya wenye akaunti, kwa hiyo ukimwacha aumie utaumia pamoja naye. Kosa lako liko kwenye ule ukimya. Ukimjazia, mpe fedha hizo kama mkopo wenye tarehe ya kurudishwa, na yeye mwenyewe auandike daftarini, pamoja na ada iliyokatwa, kwa mkono wake. Zaidi ya hapo, nenda naye benki mwombe ovadrafti iondolewe, ili kadi isiyo na fedha ikataliwe palepale. Kukataliwa kwa kadi mbele ya mstari wa wateja ni aibu ya dakika moja, nayo hufundisha kuliko hotuba. Muhimu mkumbuke kwamba hundi haiko hivyo. Yenyewe hurudishwa siku kadhaa baadaye, ikiwa na gharama, na aliyeipokea huanza kumtazama kijana kwa jicho jingine.

Kuhusu kusoma taarifa, kisheria mwenye akaunti ya pamoja anaweza kuisoma. Lakini ukianza kuuliza kwa nini alinunua hiki na kile, ataanza kutoa fedha taslimu na kulipa kwa mkono, na daftari litakufa. Mimi ningemwomba kila mwezi anionyeshe ukurasa ule wa mwisho tu, wenye masalio mawili yaliyokutana. Yakikutana, alichonunua ni chake. Yasipokutana kwa miezi miwili mfululizo, hapo mna jambo la kuketi pamoja.

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 15. Nilipokuwa nikisuluhisha daftari langu nimekuta kwenye taarifa kiasi kikubwa kilichoingia ambacho si changu, na chini yake makato mawili madogo ya kampuni nisiyoijua. Rafiki zangu wanasema nikae kimya kwa sababu nimepata zaidi kuliko nilichokatwa. Nifanye nini?

Msomaji kijana

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawalifanyi, yaani umesoma taarifa yako mpaka chini. Fedha zilizoingia kimakosa si zako, na benki ina uwezo wa kuzirudisha zilikotoka wakati wowote itakapogundua, hata kama wewe umeshazitumia, na hapo utakuwa unadaiwa. Usiziguse. Jambo la pili ni zito zaidi: mtu yeyote akikupigia simu akidai kwamba fedha hizo ni zake, na akakuomba umrudishie wewe mwenyewe kwa njia nyingine, usimtumie hata senti. Huo ni utapeli unaojulikana sana, ambamo malipo ya kwanza hufutwa baadaye na yale uliyotuma wewe hayarudi. Kurudisha fedha ni kazi ya benki.

Yale makato madogo kwanza mwulize mzazi wako, kwani kampuni nyingi hujitokeza kwenye taarifa kwa jina la kampuni mama, na huenda ni malipo uliyoyaruhusu mwenyewe ukasahau. Kama hakuna anayeyajua, yachukulie kwa uzito ingawa ni madogo, maana wezi wa kadi hupenda kujaribu kwa kiasi kidogo kabla ya kuchota kikubwa. Nenda na mzazi wako, mpige simu kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi na si ile mtakayoikuta kwenye ujumbe, muombe kadi ifungwe, na muandike tarehe, saa na namba ya malalamiko mtakayopewa. Fanyeni hivyo leo, kwa sababu benki huweka muda maalumu wa kupinga muamala, na muda huo ukishapita mlango hufungwa. Atakayekuuliza namba yako ya siri katika mazungumzo hayo, kata simu.

Daftarini yaandike yote matatu kwa penseli, pembeni uweke neno "yana mgogoro", na ile fedha iliyoingia usiihesabu kwenye salio lako mpaka benki ikujibu kwa maandishi.